Viti vya Kuazima

Baba Pacha alikuwa mkulima, lakini shamba lake mwenyewe lilimwona kwa nadra. Kila msimu wa palizi ulipofika, chakula kilikuwa kimeisha nyumbani. Basi alfajiri alibeba jembe, akavuka barabara, akaenda kupalilia shamba kubwa la mtu mwingine. Jioni alilipwa. Wakanunua unga, wakala. Kesho yake hivyo hivyo.

Huku nyuma magugu yalijitawala kwenye shamba lake. Mama Pacha alipalilia peke yake. Alipomaliza upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umeota tena. Walivuna magunia matatu. Magunia matatu hayalishi watu wanne mwaka mzima, hata mkikaza mkanda vipi.

"Tunazunguka tu," Mama Pacha alimwambia mumewe. "Njaa inakutoa shambani kwako. Na kwa kuwa umetoka, njaa inarudi."

"Sasa nifanyeje? Watoto wale magugu?"

Mapacha wao, wasichana wawili wa miaka minane, walikuwa wameanza kuuliza kama leo kuna chakula cha mchana. Swali hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano. "Kuna mradi unatoa fedha taslimu kwa familia zenye kipato kidogo," alisema. "Kesho wageni watapita nyumba kwa nyumba. Wapokeeni vizuri."

Katika maneno yote hayo, Mama Pacha alishika neno moja tu. Wageni! Alifika nyumbani roho juu. Sebule yake ilikuwa na ndoo mbili za kukalia na mkeka uliochanika pembeni.

"Mgeni akalie ndoo? Watu watatuonaje jamani?"

Akakimbilia kwa fundi cherehani, jirani yake. Fundi hakuwa na choyo. Alimwazima viti vinne, meza, kitambaa cha meza, chupa ya chai na redio.

"Chukua na saa ya ukutani," fundi alimwambia. "Haitembei, lakini inapendeza."

Kesho yake alikuja karani wa mradi, msichana mpole mwenye simu kubwa mkononi. Alikaribishwa kiti. Akanywa chai. Akatazama huku na huku, akawa anabonyeza simu yake na kusema polepole: "Viti vinne. Meza. Redio. Saa ya ukutani."

Pacha mmoja akamvuta mama yake nguo. "Mama, viti tunarudisha leo au kesho?"

"Nenda kachote maji!"

"Maji yapo, mama."

"Kachote mengine!"

Karani alikuwa ameinamia simu. Hakusikia. Aliaga kwa heshima, na Mama Pacha akamsindikiza mpaka njiani akiwa amejaa furaha. Alijua amempokea mgeni vizuri. Na kweli alimpokea vizuri, hilo halina ubishi.

Siku kadhaa baadaye orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Baba Pacha alipata nafasi ya kuisoma siku ya kumi na moja, kwa kidole, mstari kwa mstari. Akarudia. Hawakuwemo.

"Kuna mkono wa mtu hapa," alisema alipofika nyumbani. "Tumefanyiwa fitina."

Jioni ile aliingia Mama Mizani. Huyu alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na jina hilo alilipata kwa sababu ya mizani ya kupimia watoto, ambayo hakuiacha nyumbani hata akienda msibani. Akavuta ndoo, akakaa. Akasikiliza malalamiko yote mpaka mwisho.

"Dada," akamuuliza Mama Pacha, "karani alipokuja alikalia nini?"

"Kiti."

"Kiti kipi? Mbona mimi miaka yote mnanikalisha kwenye ndoo?"

Mama Pacha akaeleza. Mama Mizani akacheka mpaka akashika mbavu. Maelezo yalipofika kwenye saa ya ukutani ikabidi atoke nje kidogo. Aliporudi alimkuta mwenzake analia, naye akaacha kucheka.

"Yaani tumejikata wenyewe?" Baba Pacha alifoka. "Mke wangu, umetuponza!"

"Na wewe je? Si ulikaa kwenye kiti cha fundi ukakunja nne, kama mwenye benki?"

Baba Pacha akatazama pembeni.

"Nisikilizeni," Mama Mizani alisema. "Yule binti hakuja kama mgeni. Alikuja kupima, kama mimi ninavyopima watoto. Mtoto ukimfunga jiwe kiunoni, mizani itasema ana afya. Mizani haikukosea. Ila mtoto atabaki na njaa yake."

"Sasa ndiyo basi tena?" Mama Pacha aliuliza.

"Basi kwa nini? Ile ni orodha ya kwanza. Imebandikwa mlangoni ili watu waisome na waseme. Wametoa siku kumi na nne za kupokea malalamiko, na zimebaki tatu. Nenda ofisini, jaza fomu, sema ukweli. Fomu ni bure. Mtu akikuomba chochote, hata soda, usimpe, na umripoti."

"Nikaseme mbele za watu kwamba viti viliazimwa? Watanicheka!"

"Watacheka siku mbili. Njaa yako ni ya miezi mingapi?"

Usiku kucha Mama Pacha aligeuka geuka kitandani. Asubuhi mumewe alisema ataenda yeye. Mama Pacha akakataa. "Niliazima mimi. Nitasema mimi."

Ofisini kulikuwa na foleni. Zamu yake ilipofika, alipiga moyo konde. "Viti havikuwa vyangu," alisema. "Meza, redio, chupa ya chai, vyote vya fundi. Na ile saa pia, tena haitembei."

Mtu mmoja akacheka kwa nguvu. Mama Pacha aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto, lakini hakutoka. Kisha mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasogea mezani.

"Niandike na mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Lile kabati ni la mama mkwe."

Kicheko kikaisha. Wengine wawili kwenye foleni walianza kutazama miguu yao.

Siku chache baadaye karani alirudi nyumbani kwao bila kutoa taarifa. Alikuta mapacha wanafagia, baba hayupo, amekwenda kupalilia kwa watu. Mama Pacha akamletea ndoo.

"Ndivyo mnavyoishi?" karani aliuliza.

"Ndivyo tunavyoishi, mwanangu."

Karani akakaa, akaandika upya.

Orodha ya pili ilipotoka, jina lao lilikuwa la saba. Na kabla ya mvua za kupandia kuanza, fedha ziliingia kwenye simu ya Mama Pacha. Alipiga kelele hadi fundi akaacha cherehani yake akaja mbio.

Baba Pacha hakushangilia. "Watakuja kuzidai hizi," alisema. "Hela haiji hivi hivi."

"Si mkopo, shemeji," Mama Mizani alimjibu. "Hairudishwi. Wala hakuna wa kuwapangia matumizi. Kaeni wawili mpange. Ila namba ya siri asiambiwe mtu yeyote. Hata mimi."

"Hata mume?" Baba Pacha aliuliza.

"Hayo ni ya chumbani kwenu. Msinitie humo."

Walikaa wawili. Baba Pacha alitaka mabati, maana nyasi za paa zilikuwa zimechoka na kila mvua ilinyesha hadi ndani.

"Tukiezeka tutalala pakavu," mkewe alikubali. "Tukiamka tutakula nini? Utabeba jembe uende kule kule."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho walinunua mahindi na maharagwe ya kuwavusha kipindi chote cha palizi. Wakanunua mbegu nzuri na mbolea. Mabati yakasubiri.

Mvua zikanyesha, wakapanda mapema. Magugu ya kwanza yalipochomoza, msimamizi wa shamba kubwa alisimamisha baiskeli mlangoni kwao, kama alivyozoea kila mwaka.

"Baba Pacha, kesho alfajiri, kazi ipo."

"Kesho sitaweza."

"Una safari?"

"Nina palizi."

"Palizi ya nani?"

"Yangu."

Msimamizi alimtazama kidogo, akakanyaga pedeli, akaenda kutafuta mtu mwingine. Baba Pacha alibaki amesimama na tabasamu ambalo hakujua alifiche wapi.

Walipalilia wawili, mara mbili, kwa wakati wake. Walivuna magunia kumi na moja. Waliuza mawili wakanunua mabati. Msimu uliofuata hawakununua unga, na Baba Pacha hakuvuka barabara.

Na mavuno ya mwaka huo yalipoletwa nyumbani, mapacha walikuta hawana pa kuyaweka. Mahindi ya mwaka jana yalikuwa bado hayajaisha.