Jina Lililotembea Kikuubo

Pitshou alimkanyaga Aloyo mguu kabla hajamwona uso. Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla Kampala, mchana hakuna njia. Kuna migongo ya watu, kuna marobota, na kuna wapagazi wanaokusukuma huku wakikutukana.

"Wewe Mkongo, huoni?"

"Naona, cheri. Naona sana, ndiyo maana nimesimama."

"Umesimama juu ya mguu wangu!"

Akaondoa kiatu, akamtazama vizuri. Msichana mrefu wa Kiacholi, gauni la manjano limemshika kiuno, mkononi ana ufunguo wa duka la sabuni. Pitshou alikuwa na robota la vitenge begani na jasho mpaka kwenye kope, lakini hakuliona tena zito.

Ikawa hivyo. Mvua zilipoanza walikuwa wapenzi, na simu haikupoa.

"Umekula?"

"Sijala, nakusubiri."

"Basi utakufa na njaa. Niko nyumbani Makindye, baba anataka nimpigie pasi sare yake."

Baba yake, Sajini Obita, alikuwa polisi. Pitshou hakupenda kusikia habari za sare, maana baadhi ya vitenge vyake vilivuka mpaka bila karatasi. Mzigo mkubwa wa namna hiyo ulipofika, Aloyo alimfungulia stoo iliyo nyuma ya duka lake. Wakakubaliana wajue wao wawili tu.

Asubuhi moja watu wa ushuru walikuja moja kwa moja mpaka mlango ule. Hawakuuliza njia. Pitshou alifika robota la mwisho likipandishwa kwenye gari. Akakumbuka sare, akakumbuka pasi. Naye hakuuliza.

"Nyoka!" alipiga kelele katikati ya kichochoro. "Kumbe nimefuga nyoka! Umeniuza kwa baba yako!"

Kikuubo mwizi anapigwa, kisha anasahauliwa. Nyoka hasahauliki. Pale mali inatolewa kwa maneno ya mdomo, chukua leo, utalipa ukiuza. Mtu akishaitwa nyoka, hakuna wa kumpa hata kiberiti. Aloyo hakulia.

"Umemaliza, Pitshou?"

Akavuta mlango wa bati chini. Alipoondoka, wapagazi walimpisha wakifanya "sssss" kwa meno.

Baada ya hapo Pitshou hakuweza kukaa. Alitembea mpaka Katwe, akapita katikati ya nyundo na cheche za mafundi chuma, akarudi, akaenda tena. Alibonyeza namba ya Aloyo, akakata kabla haijaita. Wafanyabiashara walimnunulia chai wakimpa pole, akaiacha ipoe.

Mama Kahambu, mwenzake wa kwao Butembo, Kongo, aliyeuza vitenge upande wa pili, alichoka kumwona akipita.

"Kaa chini, mwanangu. Unanizungusha kichwa."

"Siwezi, mama. Aliniuza yule."

"Nani? Lete simu yako." Akaifungua, akamsogezea puani. "Huyu nani aliyesimama mbele ya marobota kama bwana harusi? Nani kaandika 'Mungu amejibu'? Na nyuma yako si mlango wa Aloyo, na namba ya duka inasomeka? Uliweka WhatsApp, wateja wangu wote wakaona. Unafikiri watu wa ushuru hawana simu?"

Pitshou akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Alipiga. Aloyo hakupokea. Akapiga tena na tena.

"Nani?"

"Mimi."

"Akina mimi ni wengi."

"Aloyo, nilijiuza mwenyewe. Picha yangu ndiyo iliyowaleta. Nakuja Makindye, nikupigie magoti mbele ya baba yako."

"Usije. Huku nani alikusikia? Uliniharibia jina Kikuubo, unataka kunisafisha Makindye? Kesho narudisha ufunguo wa duka. Wenye sabuni hawaniachii hata mche mmoja."

Simu ikakatwa.

Kesho yake jua likiwa utosini, Aloyo alikuwa anapakua rafu zake, gauni jeusi, kichwa hakijasukwa. Pitshou akapanda juu ya magunia ya chumvi mbele ya duka.

"Watu wa Kikuubo! Hapa hakuna nyoka!"

"Shuka, Mkongo, tunapita!"

"Nilimsingizia huyu dada! Siri ilitoka kwangu mwenyewe! Nilijipiga picha na mali, nikaionyesha dunia!"

Mpagazi mmoja akatua mzigo.

"Yaani, ssebo, ulijipiga picha na magendo?"

Kicheko kilianzia hapo, kikapanda mpaka ghorofani.

"Banange! Kasuku!"

"Kasuku wa Butembo! Kwaaa!"

Pitshou alielewa maana yake. Nani atamwamini na mali mtu mwenye mdomo wa kasuku? Lakini hakushuka.

"Sawa! Mimi kasuku. Yeye mwiteni Aloyo!"

Mama Nabangala, muuza sabuni za jumla, akajipenyeza hadi mlangoni.

"Aloyo, mwanangu, kesho nikuletee sabuni?"

"Lete leo," alisema Aloyo. Kisha akainua uso. "Na wewe shuka, utapasua magunia ya watu."

"Umenisamehe?"

"Bado nina hasira. Nitakuwa nayo mpaka ichoke."

"Itachoka nikiwa karibu?" Alishuka, shati limemgandia mgongoni. "Aloyo, nataka kuja kwa baba yako. Si kupiga magoti. Kuposa."

Aloyo alimtazama mtu huyo asiye na mali wala jina. Akatoa simu.

"Hallo, baba? Jumapili usiende popote. Kuna mtu anakuja."

"Kwaaa! Kasuku!" kichochoro kizima kililia.

"Aloyo, kelele gani hizo?" sauti ya sajini ilisikika mpaka nje ya simu. "Nani anaitwa hivyo?"

"Mgeni wako, baba."