Kiti cha Dereva Kilikuwa na Joto

Tulisimama kukaza minyororo tu. Hilo naomba lieleweke kwanza.

Jua lilikuwa linazama na barabara ilikuwa tupu. Nyuma ya lori langu, juu ya trela, kilikaa kifaru cha vita tulichoking'oa asubuhi ile bondeni, kwenye matope kilimozama tangu vita vya zamani. Tulikuwa tunakipeleka makumbusho ya jeshi, kikasuguliwe kutu na kuwekwa chini ya paa, watoto wa shule waje kukitazama. Kazi ya kawaida. Nimeshabeba matrekta, matangi ya maji, hata mashine ya kusaga mawe.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye fundi wangu wa minyororo. Mtu wa mizaha.

"Shemeji, taratibu," alikuwa akiniambia kila nikigonga shimo. "Huyo mzee ana miaka yake, utamvunja kiuno."

Lakini siku hiyo kicheko chake kilikuwa kinakatika njiani. Sababu niliijua. Baba yake alikuwa dereva wa vifaru. Aliondoka kwenda vitani shemeji akiwa bado anafunga vifungo kombo. Hakurudi, wala hakuzikwa. Mpaka leo mama yake hakubali kuitwa mjane. "Mume wangu yuko kazini," husema.

Nilishuka na tochi. Shemeji akapita kushoto, mimi kulia. Nilimsikia akikaza mnyororo... kri... kri... kri...

Halafu kimya.

"Shemeji?"

Nikazunguka. Alikuwa amebandika sikio kwenye chuma.

"Ni wewe uliyegonga?" alininong'oneza.

"Nigonge nini?"

"Sikiliza."

Tak... tak... Chuma kilichoshinda juani hulia kikipoa, kila dereva anajua. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo.

Sauti ikaita kutoka ndani. Ya mwanamume. Imechoka, kama ya mtu aliyekesha.

"Mchwa..."

Spana ilimponyoka shemeji mkononi. Mchwa lilikuwa jina lake la utani alipokuwa mdogo, kwa vile alikuwa mla udongo. Aliyempa ni baba yake.

"Usipande," nilimwambia. "Twende zetu. Mkeo ni mjamzito, shemeji, nakuomba."

"Baba yumo."

"Humo hamna mtu!"

"Basi nikifungua, sitamwona mtu."

Akapanda. Kifuniko kile cha juu tulikipiga nyundo asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi, hakikutikisika. Sasa alikivuta kwa mkono mmoja.

Kikafunguka. Bila mlio.

Harufu ikatoka. Si ya kutu, si ya matope. Ilikuwa ya sabuni... tumbaku... na jasho bichi. Harufu ya mtu aliyeondoka sasa hivi.

Shemeji alizama humo miguu kwanza, kisha mabega, kisha kichwa. Mimi nilipanda nyuma yake, nikamulika ndani. Mwanga haukufika popote.

"Umeona nini?"

"Hamna mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini shemeji... kiti cha dereva kina joto."

"Toka!"

Nikagonga chuma kwa tochi.

"Toka, nasema!"

Niliingiza mkono gizani, nikipapasa. Mkono ukanidaka. Nikavuta kwa nguvu zote, akatoka. Nilimmulika. Shati lake. Kovu lake la kidevuni. Mungu ashukuriwe, nikasema, nikakibamiza kifuniko.

Tuliendelea na safari. Alikaa ameinamisha kichwa, akitazama taa za barabarani kama mtu aliyetoka kulazwa hospitali. Njia nzima hakunitania. Wala hakuniita shemeji.

Tulikiacha kifaru makumbusho, nikamshusha kwake, nami nikaenda kwangu. Usingizi uliniruka. Kila nikifumba macho, niliuhisi ule mkono ukinidaka.

Kesho yake alasiri mdogo wangu akanipigia simu.

"Kaka, mume wangu amekuwaje?"

"Kwani vipi?"

"Tangu jana usiku haondoki chumbani kwa mama mkwe. Mimi ananipita kama mgeni." Akateremsha sauti. "Anamwita mama yake kwa jina, kaka. Kama mtu anavyomwita mkewe."

"Na mama mkwe anasemaje?"

Nilimsikia akifunga mlango.

"Anaitika."

Kisha akauliza, polepole, huku analia:

"Na mume wangu mimi... mmemwacha wapi?"

Nilifika makumbusho wakiwa karibu kufunga. Kifaru kilikuwa ukumbini, kimeoshwa, kimezungushiwa kamba. Nilipanda bila ruhusa. Kifuniko kilikuwa kimezungukwa na mshono mpya wa chuma, bado unachoma vidole.

"Shuka hapo!" mkuu wa makumbusho alinipigia kelele. "Tumekifunga watoto wasije wakatumbukia. Ni mali ya historia, hakikatwi tena!"

Nilimsihi. Nilipiga magoti mbele ya wageni. Akaenda kumwita mlinzi.

Pembeni, fundi wa kuchomelea alikuwa anakunja nyaya zake. Nilimsogelea.

"Ndugu yangu... ulipokuwa unachomelea, ulisikia kitu?"

Alitazama huku na huku.

"Kulikuwa na mtu anamwita shemeji yake."

"Ukafanyaje?"

"Nikachomelea mara mbili."