Saa ya Baba Ukutani

Kila akitoka shule, Masikio alipitia kwa shangazi yake, fundi saa. Jina hilo la utani alipewa kwa kupenda kutega sikio kwenye saa ya mkono ya marehemu baba yake, iliyotundikwa ukutani. Akiisikia inapiga, aliona kama baba bado yumo chumbani.

Siku moja shangazi alipotoka kidogo, saa ya mama mmoja mshonaji, iliyokuwa imeshasafishwa, ilimponyoka Masikio ikagonga sakafu. Akaiokota haraka. Akailaza juu ya mashine inayosikiliza mapigo ya saa na kuyachora. Mstari ukatoka umenyooka, ishara ya saa nzima. Alijua shangazi hupima kila saa ikiwa imelala, kisha imesimama, lakini aliogopa kuisimamisha. Shangazi aliporudi, Masikio akamwambia, "Nimeshaipima, ni nzima." Jioni mama huyo akaja, akakabidhiwa saa yake.

Kesho yake mama mshonaji alirudi, macho mekundu.

"Fundi, nikiilaza mezani inatembea. Leo nimeivaa kwenda kaburini kwa mwanangu, mwenye saa hii, ikanyamaza mkononi. Nimeona kama nimefiwa upya."

Masikio akaangua kilio. "Shangazi, ni mimi! Niliiangusha. Nikaipima imelala tu."

Shangazi akaisimamisha saa kwenye mashine. Mstari ukatawanyika ovyo. Akaifungua, akaichungulia kwa lenzi.

"Ekseli, kijiti kinachobeba gurudumu linalocheza huku na huku, imevunjika ncha. Na kipuri chake hakitengenezwi tena."

Kisha akanyanyua macho ukutani. Saa ile ilikuwa ya aina hiyohiyo. Baba wa Masikio alikuwa kaka yake; hata kwake ilikuwa kumbukumbu.

"Kipuri kimo humo, lakini sikulazimishi, mwanangu," akasema.

Masikio akaitungua saa ya baba, akaiweka sikioni kwa muda mrefu. Halafu akaikabidhi.

Jioni, saa ya mama mshonaji ilipiga sawasawa, imelala na imesimama. Mama aliivaa, akainua mkono hadi sikioni, akalia, akambusu Masikio kichwani.

Mama alipoondoka, saa ya baba ilibaki mezani, haipigi tena. Masikio alilia kwa kwikwi, shangazi akamkumbatia.

"Kuangusha ni bahati mbaya, mwanangu, hata mimi nimeangusha nyingi. Ungesema jana, bado tungetoa kipuri hiki. Lakini yule mama asingelia vile kaburini. Hayo yametokana na kuficha. Siku nyingine ukipima kitu, kipime hata pale unapoogopa jibu, kisha useme ulichokiona."

"Nimekuelewa, shangazi."

Masikio akairudisha saa ya baba kwenye msumari wake. Kwa mazoea, akaitegea sikio.