Blanketi Lililoanziwa Pembeni

Asubuhi ile blanketi lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana dirisha la chumba cha cherehani linatazama ukuta wa jirani. Lilikuwa joto la mahali mtu alipolala akaamka sasa hivi. Fundi aliweka kiganja juu yake, akakiondoa upesi, akamgeukia wifi yake, dada wa mumewe, aliyesimama mlangoni na ufagio.

"Wifi, ulilala hapa?"

"Nilale juu ya pini zote hizo? Mgongo wangu huu, wifi, hata godoro unalilalamikia." Akacheka. Fundi hakucheka.

Blanketi lilikuwa la mjukuu. Binti yake fundi alikwisha kuzika watoto wawili kabla hawajaota jino, na huyu wa tatu, msichana wa wiki tano, alikuwa chumba cha pili na mama yake. Kila mwanamke wa ukoo alitoa kipande cha nguo aliyoivaa, vikaungwa viraka arobaini na tisa, saba kwa saba. Upande wa nyuma fundi aliweka kitambaa cha blanketi chenye manyoya laini, alichokiokota kwenye robota la mitumba. Kilichobaki ni kupitisha mishono ya cherehani ili tabaka hizo mbili zishikane, na kazi hiyo ina adabu yake: unaanzia katikati, unakwenda nje, ili hewa na mikunjo vipate pa kutokea. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hulijua hilo.

Kesho yake akaona kivimbe. Kilikuwa katikati ya tabaka, kikubwa kama ngumi, chini ya kiraka cha kijani kilichotoka kwenye gauni la wifi. Alikibonyeza. Kikasogea. Aliinama kunusa, akakuta harufu ya nywele zilizoungua.

Sasa, wifi huyu hakujaliwa mtoto. Aliachika, akarudi kukaa kwa kaka yake, na tangu mjukuu azaliwe ndiye aliyemwogesha, akambeba, akamwimbia mpaka sauti ikamkauka. Mwingine angeona upendo hapo. Fundi aliona kijicho. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na akaanza kuhesabu mara ngapi wifi anapita mlangoni pa chumba cha cherehani.

"Kuna mtu anaingiza vitu kwenye blanketi la mwanao," alimnong'oneza binti yake mchana.

"Mtu gani, Mama?"

"Nyumba hii ina watu wangapi? Baba yako yuko safarini."

"Shangazi? Mama, shangazi ndiye anayekesha na mwanangu mimi nikichoka."

"Ndiyo maana nakwambia."

Binti alimvuta mtoto karibu na kifua chake.

Ndipo fundi akafanya jambo ambalo asingemruhusu mtu yeyote alifanye kwenye cherehani yake. Alifunga mlango kwa komeo, akaling'ang'ania blanketi, akashona kwanza pembeni, pande zote nne, mishono miwili miwili, ili mkono wa wifi usipate tena pa kupenya. "Haya, ingiza sasa," alisema kwa ukali, na akaanza mishono ya ndani.

Kivimbe kikakimbia. Alipopitisha mshono kushoto kilihamia kulia, alipokifuata kulia kilirudi, na kila mstari ulivyozidi kukaribia katikati ndivyo kilivyozidi kuvimba, kikihema chini ya kiganja chake, harufu ya nywele ikimjaa kooni, naye hakuondoa mguu kwenye pedali kwa sababu alikuwa na hakika kwamba akikishinda atakuwa amemshinda wifi yake, mpaka kikabaki kiraka kimoja tu, sindano ikashuka, ikazama kwenye kitu laini ambacho hakikuwa kitambaa, na chumba cha pili mtoto akapiga ukelele wa kupasua paa.

Fundi akatoka mbio. Kwenye paja la mtoto palikuwa na tone la damu, dogo kama kichwa cha pini. Wifi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, analia.

"Umemfanya nini?" fundi alimvamia. "Sema! Umeficha nini kwenye lile blanketi?"

"Mimi, wifi? Mimi?" Wifi akajifuta uso kwa upande wa khanga, akatoka bila viatu. Alirudi na mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi.

Mganga alipapasa blanketi, kisha akapapasa mshono wa pembeni.

"Nani alikufundisha kuanzia huku?"

"Hakuna. Nilitaka kufunga."

"Hiki kilikuja na kitambaa cha mtumba, kimejilalia tu. Ungeanzia katikati kingetoka chenyewe, wala usingejua. Umekifungia, na ukikichoma anayeumia ni mwenye blanketi." Akampa wembe. "Uliyefunga kwa dhana, fungua kwa msamaha. Umwombe huyu, na uombe kwa moyo. Kikikosa njia kitatafuta pengine palipofungwa."

Fundi alimwangalia wifi aliyerudi na miguu yenye vumbi, akajiuliza amejuaje nyumba ya mganga upesi hivyo.

"Nisamehe, wifi yangu," alisema.

"Nimekusamehe zamani," wifi akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Wakafumua pamoja. Upande wa kwanza ulipoachia, manyoya yalishuka taratibu, joto likatoka, harufu ikapotea. Mtoto akanyamaza. Binti akacheka huku analia, akamwinua mwanawe.

"Mpokee, Mama. Yamekwisha."

Fundi alinyoosha mikono kwa furaha ya kweli, kwa maana alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Mtoto alipogusa kifua chake alipiga ukelele uleule. Wifi akamchukua, mtoto akanyamaza. Binti akamrudisha kwa bibi yake, taratibu, akijaribu. Ukelele.

Mganga alikuwa akitazama kifua cha fundi, pale kitambaa cha gauni kilipoinuka na kushuka ingawa mwenyewe alikuwa ameshikilia pumzi.

Binti akampokonya mtoto, akamweka mikononi mwa shangazi yake, akasimama mbele yao wote wawili.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "usisogee tena."