Aliyeingia kwa Laini ya Pampu

"Usinifanye mtoto, dada. Nani ameingia kwa jina langu?"

"Nitajuaje mimi? Labda uliingia asubuhi ukasahau kutoka. Kichwa chako si unakijua."

"Kichwa changu kiache. Soma hapa." Chiriku aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Chiriku, ameingia, laini ya pampu. Laini ya pampu, dada! Kule upande wa pili kuna nini? Hakuna skrini, hakuna kibodi. Kuna waya mtupu unaning'inia juu ya kisima."

"Basi ni hitilafu."

"Hitilafu inajua jina langu?"

Dada yake alisogeza kiti nyuma, mbali na kompyuta, na hapo Chiriku akanyamaza. Kumnyamazisha Chiriku si kazi ndogo. Jina hilo alipewa na mama yao kwa sababu tangu alipojua kusema, mdomo wake haukuwahi kupumzika.

Ndugu hawa wawili walifanya kazi katika ofisi ya maji, chumba chenye feni moja mbovu na kompyuta iliyofungua na kufunga mabomba ya mtaa mzima. Nyuma ya kompyuta ulitoka waya wa kijivu uliotoboa ukuta na kupita chini ya ua hadi nyumba ya pampu, kijumba kilichojengwa juu ya kisima cha zamani. Zamani fundi wa pampu alikuwa na skrini yake huko, akiingia kwenye kompyuta kupitia waya huo. Mafuriko yaliharibu skrini ikaondolewa, waya ukabaki.

Ikabaki pia programu ndogo waliyoiita bawabu. Bawabu alikaa kwenye laini akingoja. Mtu akifika, anamuuliza jina, kisha neno la siri. Akikosea, anabaki nje. Hata ukimzima bawabu, kompyuta humwamsha papo hapo, maana laini haitakiwi kukaa bila mlinzi.

"Haya, tuone huyo hitilafu anaandika nini," Chiriku alisema.

Alifungua kumbukumbu za laini. Zilijaa takataka: alama, mikwaju, herufi zisizosomeka. Hilo halikumtisha. Pande mbili za waya zisipozungumza kwa kasi moja, maandishi hufika yamevurugika, naye alikuwa amelirekebisha tatizo hilo mara nyingi. Akaanza kupunguza kasi ya upande wao, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Acha," dada yake alinong'ona. "Usimsikilize."

"Nisimsikilize nani?"

Feni ilikuwa ikizunguka. Ndani ya upepo wake ikaja harufu ya udongo mbichi, na nyuma ya udongo, harufu ya mafuta ya nazi. Chiriku alijishika nywele. Ni mafuta aliyojipaka yeye kila asubuhi, mafuta ambayo mama yao, ambaye macho yalishamfifia, alimtambulia kwayo kabla hata hajafungua mdomo. Lakini harufu haikutoka kichwani mwake. Ilitoka kwenye tundu la ukuta, pale waya ulipopita.

Herufi zikatulia, zikasomeka.

Ilikuwa amri moja tu, ile ambayo mtu huiandika akitaka kompyuta imwambie ameingia kama nani. *Mimi ni nani?* Kompyuta ilijibu: *Chiriku*. Kisha tena. *Mimi ni nani? Chiriku. Mimi ni nani? Chiriku.* Kurasa na kurasa, tangu asubuhi, kama mtoto anayejifunza kutamka.

Chiriku aliandika amri ya kumtoa kwa nguvu huyo aliyeingia. Bawabu akaamka, na kabla Chiriku hajaondoa kidole kwenye kibodi, yule alikuwa ameshaingia tena.

"Mbona bawabu hamuulizi neno la siri?"

Akafungua faili la maagizo ya bawabu. Alilijua faili lile kama kiganja chake, na mstari wa mwisho haukuwa wa kwake. Uliagiza kwamba yeyote anayefika kwenye laini ya pampu asiulizwe kitu, aingizwe moja kwa moja kwa jina la Chiriku. Akajaribu kuufuta. Kompyuta ikamtaka kwanza neno lake la siri. Akaliandika, likakataliwa. Akaliandika tena polepole, likakataliwa. Aliyekuja kwa waya haulizwi chochote, mwenye jina anafukuzwa.

Juu ya faili palionekana aliyeandika mara ya mwisho. Chiriku alisoma, akageuka.

"Dada. Ni wewe."

Dada yake alikuwa akilia bila sauti. "Nilikwenda kuutazama waya," alisema. "Kitu kikaniita kutoka chini kisimani. Kilikuwa kinabisha kwenye laini na bawabu anakikatalia, maana hakina jina. Kikasema nikipe jina, au kitachukua langu. Ningefanya nini? Nikiondoka mimi, nani atamtunza mama?"

"Ukanitoa mimi."

"Jina lako lilinijia mdomoni tu."

"Halikukujia mdomoni. Uliliandika. Ulikaa kwenye hiki kiti ukaliandika herufi kwa herufi."

Dada yake akafuta machozi, akamshika kwa mkono ule ule uliomfundisha kutumia kibodi alipokuwa hafikii meza. "Bado naweza kulirudisha," alisema. "Neno langu la siri linafanya kazi. Nenda ukang'oe waya kule, acha simu wazi. Ukisema umeng'oka, nafuta mstari. Nakuapia, mdogo wangu."

Chiriku alitaka sana kumwamini, akamwamini.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipovuka ua. Ndani ya nyumba ya pampu palikuwa na giza na ubaridi wa mvungu, na waya ulining'inia juu ya mdomo wa kisima, ncha yake imelowa. Alipousogelea alisikia kutoka chini sauti ya mtu anayepiga kibodi, taratibu, halafu haraka, halafu haraka zaidi, na harufu ya nywele zake mwenyewe ikapanda kutoka kwenye maji ikamjaa puani mpaka akashindwa kujua kama ananusa au ananuswa, akaushika waya kwa mikono miwili akauvuta, nao ukavuta upande wake kama kamba iliyoshikwa na mtu mwingine, akaegemea ukuta akavuta tena huku akipiga kelele kwenye simu, "Dada, unatoka, futa, futa sasa!" na waya ukakatika akaanguka chali matopeni, na kibodi kule chini ikanyamaza.

"Dada? Umefuta?"

Simu ilikuwa wazi. Kuna mtu alikuwa akipumua. Kisha sauti ikasema, bila haraka, "Mimi ni Chiriku." Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Alikimbia. Ofisi ilikuwa imefungwa, kiti cha dada kimerudishwa mezani vizuri. Kupitia dirishani aliiona skrini, na ule mstari wa mwisho wa bawabu ulikuwa pale pale.

Getini mlinzi alimtazama miguu, akacheka. "We Chiriku, umekuwa umeme siku hizi? Si nimewafungulia sasa hivi, wewe na dada yako, mkitoka mmeshikana mikono?" Kisha kicheko kikapungua. "Nikajiuliza, huyu leo anaumwa? Maana hata salamu hukunipa. Na hayo matope umeyatoa wapi?"

Chiriku alimpita mbio, akakatiza mitaa aliyoijua tangu utotoni, na watu aliozoea kuwasalimu walimtazama kama wanavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Taa ya kwao ilikuwa inawaka. Alisimama kibarazani, ananuka udongo wa kisimani, akasikia ndani mama yake anacheka, na mtu anamhadithia jambo kwa sauti nyembamba isiyopumzika.

"Hodi," alisema. "Mama, ni mimi."

Mlango ulifunguka kiasi cha uso mmoja. Dada yake alisimama pale, macho mekundu, mkono umekamata kitasa kwa nguvu. Walitazamana.

"Nani huyo, mwanangu?" mama aliuliza kutoka ndani.

Dada yake aliinamisha macho, akaanza kusukuma mlango.

"Si mtu, mama. Sote tumeshaingia."