Mpangaji wa Vyombo

Kikombe kilikuwa kimesogea. Si sana, upana wa vidole viwili hivi, kutoka ubavuni mwa kibuyu hadi mbele yake. Efraimu alitoa kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, akakitazama, akarudisha kichwa. Pale kilipokuwa sasa, picha ilipendeza zaidi. Akaipiga.

Ilikuwa masika ya mwaka 1954, Tunduma, katika nyumba ya kupanga kando ya barabara iendayo Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Awali Efraimu alipiga sura za watu. Wanaume waliokwenda migodini upande wa Wabemba walisimama mbele ya pazia lake wamevaa koti la kuazima, ili wake zao wabaki na kitu. Lakini mkewe Fides alipofariki kwa homa ya uzazi, yeye na kichanga chake, hakutaka tena kutazama uso wa mtu. Mhindi mmoja mwenye duka la picha kule Mbeya alikuwa anatafuta picha za kalenda: vibuyu, vikapu, mikungu ya ndizi, kahawa iliyoiva. Akampa lenzi pana.

"Vitu havilii, havicheki, havitikisiki," Mhindi alisema.

Efraimu aliona ni kazi nzuri.

Ile ilikuwa lenzi ngumu kutumia. Inataka uisogelee meza hadi karibu uiguse, na bado inaona chumba kizima: mlango, pembe za ukuta, miguu ya kitanda. Kilicho mbele kinavimba, kilicho pembeni kinavutika kama ugali laini. Lazima upange kwa subira, hiki nyuma, hiki mbele, usogeze, utazame, usogeze tena. Efraimu aliweza kushinda kutwa nzima akihangaika na kibuyu kimoja bila kuwaza jambo lolote. Hilo ndilo alilolipenda. Binti yake Aida, ambaye hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka, alikaa kwenye kigoda mlangoni, akitazama barabara.

Harufu ilikuja baadaye. Udi, na kitambaa kipya cha bafta, harufu ya duka la watu wa pwani, katika nyumba ya Mnamwanga wa bara asiyewahi kununua hata chembe ya udi. Kisha sauti: kwaru, kwaru, chombo kikiburutwa juu ya ubao, yeye akiwa uani anasuuza picha. Akiingia, anakuta meza imepangwa. Vibuyu kwa kimo chake, vikombe vimeelekeza vishikio upande mmoja, na katikati pameachwa nafasi tupu. Alijua kwamba ingempasa kuogopa. Alilijua jambo hilo kama mtu ajuavyo kwamba nje mvua inanyesha. Akasimamisha kamera, akapiga.

Mchana mmoja, akiwa chini ya kitambaa, aliuona mkono. Kile kioo cha nyuma ya kamera huonyesha kila kitu kichwa chini, miguu juu, kwa hiyo mkono ulionekana kama unaning'inia kutoka darini, mrefu, wa kijivu, vidole vyake laini bila vifundo. Ulishika chungu ukakigeuza taratibu. Efraimu akafunua kitambaa. Hapakuwa na mtu. Chungu kilikuwa bado kinayumba. Akarudi chini ya kitambaa, na mkono ulikuwa unasubiri.

"Kushoto kidogo," akasema.

Chungu kikaenda kushoto.

Tangu hapo wakafanya kazi pamoja.

Dada yake, Ketrina, alifika kutoka Nanyala akiwa na mzigo wa maharage kichwani. Hakuutua. Alisimama mlangoni akimtazama Aida aliyekaa kigodani, miguu pamoja, viganja juu ya magoti. Kando yake kulikuwa na bakuli la uji ulioganda.

"Efraimu. Mtoto huyu ana nini?"

"Ametulia tu, dada. Siku hizi ni mtulivu."

"Mtulivu? Inzi anatembea mdomoni mwake!"

Ketrina alitua mzigo, akamfukuza yule inzi, akauinua mkono wa mtoto na kuuachia. Mkono haukushuka. Ulibaki hewani kama tawi. Ketrina akaushusha mwenyewe, polepole, akarudi nyuma hadi akafika nje, kwa jirani aliyeitwa Mika, ambaye alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Jirani, nyumba ile ina nini?"

Mika alitazama kwanza barabarani. "Mama, tuseme taratibu. Ilikuwa ya Nasoro, mtu wa Kilwa. Mimi nilimbebea mizigo. Jioni tunatupa marobota sakafuni, asubuhi kila kitu kiko rafuni, vitambaa vimekunjwa, mabakuli yamepangwa. Na hakuwa na mfanyakazi."

"Alikuwa na nini?"

"Alikuwa nalo jini. Alikuja nalo kutoka kwao." Mika aliinamisha kichwa. "Akaenda Mbeya kufuata mali, akaugua, akafia huko. Nadhani lile halijui."

Ketrina hakungoja zaidi. Jua lilikuwa linazama, na aliporudi mlangoni harufu ya udi ilimpiga usoni kama moshi wa kuni mbichi, na ndani, katika mwanga mwekundu uliokuwa unaingia dirishani, aliona meza imepangwa vibuyu na vikombe na mafiga na hata viatu vya marehemu Fides, vyote kwa kimo chake, na katikati, pale palipokuwa patupu siku zote, amekaa Aida, macho wazi, kidevu kimeinuliwa kidogo kana kwamba kuna vidole chini yake vinavyokiinua, na mbele yake, chini ya kitambaa cheusi, mgongo wa kaka yake uliokuwa umeinama, na sauti yake ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeomba chumvi, ikisema, "Hapo hapo. Basi. Usimguse tena."

Ketrina alimvuta kaka yake kwa shati, akampiga kofi, kisha akamkumbatia mtoto amwondoe mezani. Hakuweza. Mwili mdogo ule ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Mungu wangu! Mika! Mika, njoo!"

Mika alitazama mara moja tu kupitia mlango, akakimbia. Alirudi na Bibi Tulinagwe, Mndali wa milima ya Itumba aliyeolewa mtaa ule, mwanamke mfupi aliyejulikana kwa kutoa pepo. Hakuleta ngoma wala kibuyu cha dawa. Alikaa sakafuni, akasikiliza habari yote ya Nasoro kutoka kwa Mika aliyebaki nje, kisha akauliza, "Alipokufa mwenyewe, nani alikuja kuliambia?"

Mika akatikisa kichwa huko mlangoni.

"Basi linapanga duka. Linamngoja." Bibi akainua uso kuelekea pembe ya chumba, akasema kama anavyosema mtu aliyetumwa msiba, "Pole, wewe uliye hapa. Nasoro amekufa. Amezikwa Mbeya. Hatarudi, na duka limefungwa. Nenda kwenu."

Vyombo vikatetemeka mezani, vikigongana taratibu. Lakini mtoto hakuachiwa. Bibi akamtazama kwa muda, halafu akamgeukia Efraimu.

"Na huyu anamngoja nani?"

Efraimu akasogeza kikombe kimoja mezani.

"Nakuuliza, baba."

"Mama yake," Efraimu akasema. "Nilimwambia amekwenda Nakonde kununua chumvi."

"Yesu!" Ketrina akanong'ona. "Miezi yote hii?"

"Ndipo lilipomshikia," Bibi alisema. "Limepata mwenzake wa kungojea. Mwambie."

"Siwezi."

"Mwambie, la sivyo ataendelea kukaa hivyo mpaka akauke."

Efraimu akasogea. Hakuwa na kitambaa kichwani, wala kioo cha kumgeuza mtoto kichwa chini. Ulikuwa uso tu, umbali wa shubiri moja, wenye paji la Fides.

"Aida," akasema. "Mama hayuko Nakonde. Mama amekufa. Tulimzika ukiwa umelala kwa jirani. Mama hatarudi, mwanangu."

Kilio kilianza ukutani. Kilikuwa kilio cha kiumbe kikubwa, kizito, kisichojua lugha; kilizunguka chumba, kikapita katikati yao, kikatoka mlangoni na harufu yote ya udi ikikifuata, na huko nje mbwa wa mtaa mzima wakalia. Vyombo vikaanguka vyote kwa pamoja. Halafu Aida akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetolewa mtoni, naye akalia.

Ketrina alimkimbilia. "Nyamaza, mama, nyamaza..."

"Mwache," Bibi Tulinagwe akasema. "Mtu asimnyamazishe."

Alilia mpaka sauti ikaisha. Baba yake alimbeba wakati wote huo. Mkono ulimuuma, kisha bega, kisha mgongo, naye hakumtua.

Asubuhi walipanda lori la mahindi kuelekea Nanyala. Efraimu alikaa mbele na mtoto aliyelala mapajani. Kamera waliiacha ndani, na mlango haukufungwa. Dereva aliyatazama macho ya mtoto yaliyovimba, akapunguza mwendo kidogo.

"Poleni. Mnakwenda msibani?"

"Ndiyo."

"Nani amefariki?"

"Mke wangu."

"Ooh, pole sana, ndugu yangu. Lini?"

Efraimu alitazama nje. Mashamba ya kahawa yalikuwa yanapita, yamelowa.

"Jana," akasema.