Ubeti wa Saba wa Bibi

Kila nikirudi kutoka shule nilimkuta bibi kwenye kiti kilekile, kando ya cherehani yake iliyofunikwa shuka. Alikuwa fundi wa nguo kwa miaka arobaini, mpaka macho yalipomsaliti. Nilimpa chai, kisha nikaanza porojo zangu. Ndiyo maana nyumbani naitwa Chiriku.

Wiki ile mwalimu wa Kiswahili alitupa kazi. Kila mmoja aandike shairi la kale la kwao, kisha programu ya akili mnemba kwenye kompyuta ya shule ilichoree picha. Picha zingetundikwa ukumbini siku ya wazazi. Nilijigamba darasa zima likanisikia. Bibi alijua shairi la beti saba kuhusu wanawake waliochimba kisima wakati wa ukame, alilofundishwa na bibi yake.

Nilikaa mbele yake na daftari. Alisema beti mbili, akakwama.

"Limenitoka, mjukuu wangu," alisema akisugua magoti. "Lilikuwepo hapahapa mdomoni."

Siku tatu nilimwuliza, siku tatu alikwama palepale. Mara ya mwisho alilia, nami sikujua la kufanya. Baba na mama hawakulijua hata kidogo.

Basi nikaiomba programu imalizie. Kufumba na kufumbua ilinipa beti tano, vina vimekaa sawasawa, zenye mfalme aliyewaletea wanawake maji. Ikachora kiti cha dhahabu na wanawake wamepiga magoti. Sikumwambia mtu.

Siku ya wazazi mwalimu alisoma shairi kwa sauti, watu wakapiga makofi. Bibi, aliyekaa kando yangu, alinivuta mkono.

"Mfalme ametoka wapi? Kisima si walichimba wenyewe?"

Nilikaa kimya, mimi Chiriku.

"Labda ndivyo lilivyokuwa," alisema taratibu. "Kumbe hata hili nimelisahau. Kichwa changu kimekwisha."

Moyo uliniuma. Nilimkimbilia mwalimu nikamweleza yote huku nalia.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza, "Bibi alikuwa akiliimba wakati gani?"

"Akishona."

Jioni ile mwalimu alikuja nasi nyumbani. Nilimwambia bibi ukweli, kisha nikaondoa shuka kwenye cherehani. Bibi aliweka miguu kwenye pedali, bila uzi wala kitambaa, akaanza kukanyaga. Ubeti wa tatu ukaja, kisha wa nne. Niliandika mbiombio. Baada ya wa sita miguu iliendelea, mdomo ukanyamaza. Tulingoja mpaka akachoka.

Tulitengeneza picha upya. Wanawake wamesimama ndani ya shimo, mikono imejaa tope. Chini yake tuliandika beti sita na kuacha nafasi tupu.

"Kompyuta ilijaza pengo kwa sababu wewe uliiambia ijaze," mwalimu aliniambia. "Ungekuja kwangu ukasema bibi amesahau, tungemsaidia mapema. Kusema hujui si aibu. Aibu ni kudanganya mpaka mtu mkweli ajitilie shaka."

"Nisamehe, bibi," nilisema.

"Nimekusamehe zamani," alijibu. "Kesho unifunulie tena cherehani."

Namfunulia kila siku nikitoka shule, nakaa na daftari, nafunga mdomo. Ubeti wa saba haujaja.